Miisho ya gemu: ipi ililipa, ipi ilituuza, na kwa nini? (Uzi una spoila)

#1 mlinzi_wa_sevu

Wakuu, habari za wakati huu.

Ubishi wa miisho ya gemu kila ukianza unaishia "mie niliupenda" na "mie sikuupenda", basi. Huu uwe uzi wa kuchambua: gemu gani, mwisho upi, unafikiwaje, na umeharibikia wapi hasa. Spoila ni tele, za gemu za kale na za juzi. Asiyetaka kujua atoke mapema.

Naweka hoja yangu mezani ili mpate pa kunishika. Shujaa kufa hakuharibu mwisho, na harusi na fataki hazimpi mtu mwisho mzuri. Mwisho unaharibika pale gemu inapokuahidi kwamba matendo yako yanaandikwa, halafu siku ya hesabu muuza duka akatoa daftari jingine.

Mass Effect 2 (2010) na Mass Effect 3 (2012) zinaonyesha jambo hili vizuri, maana studio ni ile ile ya BioWare, mhusika ni yule yule Shepard, na sevu (maendeleo uliyohifadhi) ya moja inahamia kwenye nyingine.

Misheni ya mwisho ya ME2 inaanza kukuhesabu kabla hujaingia. Meli ya Normandy ina maboresho matatu yenye uzito: bamba za kivita anazopendekeza Jacob, kinga za Tali, na mzinga wa Thanix wa Garrus. Ukipita lango la Omega-4 bila bamba, Jack anakufa palepale. Ukikosa kinga au mzinga, kila ulichokosa kina maiti yake. Ukishaingia kwenye kituo cha Collectors, maadui wa gemu hiyo, unagawa kazi. Wa kupita kwenye bomba ni Tali, Legion au Kasumi. Wa kuongoza kikosi cha pili ni Garrus, Jacob au Miranda. Wa kushika ngao ya biotiki (nguvu za kusukuma vitu bila kugusa) dhidi ya wadudu ni Jack au Samara, au Morinth kama ulimchukua yeye. Na wawe umewamalizia misheni zao za uaminifu.

Utamu uko kwenye mitego. Jacob anajitolea kwenda kwenye bomba, na hafai. Miranda anasema kwa nadharia mtu yeyote mwenye biotiki anaweza kushika ngao, ukimsikiliza kuna mtu anabebwa na wadudu. Unaweza kumchagua Tali kwa bomba, sawasawa kabisa, halafu ukaweka kiongozi mbovu huko nje, na Tali akala roketi ya uso mlango unapofungwa. Kila anayekufa, ukirudi nyuma unaona kosa lako lilipo.

Kisha ikaja ME3. Ikachukua kila ulichofanya kwenye gemu tatu, ikakisaga kuwa namba moja, halafu ikakupa njia tatu: nyekundu kuangamiza Reapers (mashine adui wa gemu zote tatu), bluu kuwatawala, kijani kuchanganya viumbe hai na mashine. Sinema zake zilifanana kiasi kwamba watu waliona tofauti ni rangi ya mlipuko tu.

Karibuni.

#2 Kamba_Nyekundu

Mkuu tuwe wakweli, ME3 ilitukanwa kwa sababu Shepard alikufa. Mtu kanunua gemu tatu, kachagua mchumba, anataka kuona nyumba na watoto. Mengine ni falsafa za kuja baadaye.

#3 binti_wa_Chuda

Hapana kaka. Kwenye ME3 hiyo hiyo Mordin anakufa juu ya mnara wa Tuchanka akisambaza tiba ya genophage, ugonjwa wa kuzuia uzazi, na tukio hilo ndilo watu wanalolitaja kama bora kwenye gemu nzima. Mashabiki hawakuogopa kifo. Kilichowakera kina majina yake, nayataja.

Kwanza, malango ya kusafiria yalilipuka yote. Sasa DLC (nyongeza ya gemu) ya Arrival ya ME2, iliyotoka 2011, ilikuwa imetufundisha kwamba lango likilipuliwa linafagia mfumo mzima wa nyota. Shepard mwenyewe aliulipua mfumo wa Bahak na kuua viumbe wa batarian zaidi ya 300,000. Mchezaji aliyecheza Arrival alitazama mwisho wa ME3 akielewa kwamba ameua galaksi nzima kwa kuiokoa, na gemu haikusema ndiyo wala hapana.

Pili, meli za mataifa yote zimekwama Dunia. Turian na quarian, jamii za wageni, hawawezi kuishi kwa chakula chetu, protini zao ni za mkono mwingine, jambo ambalo gemu yenyewe imelieleza tangu zamani. Kwa hiyo wale uliowashawishi waje kukupigania wanakaa kusubiri njaa.

Tatu, Joker anaonekana akikimbia na Normandy, na ndani yake wanashuka wenzako ambao dakika chache zilizopita ulikuwa nao London unakimbilia mwali. Walifikaje kwenye meli? Hakuna jibu.

Extended Cut ilitoka 26 Juni 2012, bure, na ukiangalia ilichorekebisha utaona ni hayo hayo: malango yanaharibika badala ya kulipuka, kuna tukio la Normandy kushuka kuwachukua majeruhi, na kuna picha na sauti za kukueleza nini kilifuata kwa kila jamii. Ukaongezwa na mwisho wa nne, wa kukataa chaguo zote. Unaupata kwa kumjibu Catalyst, yule mtoto anayekupa chaguo, kwamba hukubali, au kumpiga risasi tu. Reapers wanashinda, na mzunguko unaofuata ndio unaokuja kuwashinda. Shepard aliendelea kufa kwenye karibu miisho yote, na kelele zilipungua sana.

Wale mashabiki walituma studio keki ndogo karibu 400 zenye rangi nyekundu, bluu na kijani, ndani ladha moja. Malalamiko yote ya mwezi mzima kwenye boksi la keki.

#4 fundi_pedi

Naongezea ya binti_wa_Chuda upande wa namba, maana hapo ndipo pabaya zaidi.

Nguvu yako ya kijeshi kwenye ME3 ilipatikana kwa kuzidisha jumla ya mali za vita na asilimia ya utayari wa galaksi. Utayari unaanza 50%, na njia kuu ya kuupandisha ilikuwa kucheza mtandaoni na wenzako. Ile sekunde chache ya Shepard kuvuta pumzi chini ya kifusi, kwenye mwisho mwekundu, ilihitaji nguvu ya 4000. Piga hesabu: kwa 50% unatakiwa uwe na mali za 8000. Mtu aliyefanya kila misheni lakini hana intaneti ya maana alikuwa anaadhibiwa kwa kifurushi. Extended Cut ilishusha kizingiti hadi 3100, yaani mali za 6200, na hapo mchezaji wa peke yake akaweza kufika. Toleo la Legendary Edition la 2021 liliondoa kabisa upande wa mtandaoni.

Na ubaya wa namba moja ni kwamba haina kumbukumbu. Malkia wa Rachni (jamii ya wadudu) uliyemwachia hai tangu gemu ya kwanza anageuka pointi kadhaa kwenye orodha, sawa na pointi za kikosi cha wahandisi ulichookota kwa kuskeni sayari.

#5 dogo_wa_levo

Wakuu swali kidogo kabla hatujaenda mbali. ME2, kikosi chote waaminifu, meli imekamilika, kila kazi ina mtu wake sahihi. Bado Tali anakufa pale mwisho akiwa amebaki nyuma kulinda mlango. Kosa liko wapi?

#6 mlinzi_wa_sevu

Dogo, swali zuri, na karibu kila mara jibu ni moja: bosi wa mwisho amekwenda kupigwa na Garrus na Grunt.

Wanaobaki nyuma wana alama za ulinzi ambazo gemu haikuonyeshi. Akiwa mwaminifu, Garrus, Grunt na Zaeed kila mmoja ana 4. Miranda, Jacob, Samara, Thane na Legion wana 2. Jack, Tali, Kasumi na Mordin wana 1. Asiye mwaminifu anapunguzwa 1. Gemu inachukua wastani wa waliobaki. Wakiwa watano au zaidi, wastani ukifika 2 hakuna anayekufa. Ukishuka chini ya hapo, wanaanza kuondoka, na foleni inaanzia kwa Mordin, kisha Tali.

Sasa weka kikosi kamili cha 12, wote waaminifu. Jumla ni 26. Umempa Mordin kazi ya kuwasindikiza mabaharia, umechukua Garrus na Grunt. Wamebaki 9 wenye alama 17, wastani 1.89. Mmoja lazima afe, Mordin hayupo, basi zamu ni ya Tali. Badilisha kitu kimoja tu: nenda kwa bosi na Tali mwenyewe na Jack. Wamebaki 9 wenye alama 23, wastani 2.56. Wote wanarudi nyumbani.

Ukitafakari ni mantiki ya kawaida, wenye misuli wakae mlangoni. Ila mazoea ya gemu nyingine yanamfanya mtu achukue wenye nguvu kwenda kwa bosi. Wawili unaokwenda nao nao wawe waaminifu, la sivyo wanabaki kwenye kifusi.

Jambo la mwisho kwa wanaoanza upya: usiifuate Reaper IFF (kifaa cha kupita lango la Omega-4) mpaka umalize misheni za uaminifu za kila mtu. Ukishaipata, mwashe Legion (ni roboti), fanya ya kwake mara moja. Mabaharia wako wakitekwa, nenda lango la Omega-4 moja kwa moja. Ukifanya misheni moja hadi tatu katikati unakuta nusu yao wameyeyushwa. Ukizidisha hapo anabaki daktari Chakwas peke yake, na atakuuliza mlikuwa wapi.

#7 dogo_wa_levo

Kumbe wastani! Ahsante mkuu. Miaka yote mtandaoni watu wanasema ni bahati nasibu.

#8 Zungu_la_Unga

Mmeshikilia Mass Effect wakati mfalme wa miisho mibovu ni Fallout 3 (2008).

Mwisho unakutaka uingie kwenye chumba chenye mionzi ya kuua ili uwashe Project Purity, mtambo wa kusafisha maji, kwa kubonyeza 2-1-6. Kuna watu wawili kwa mujibu wa gemu: wewe au Sarah Lyons. Nje umesimama na Fawkes, jitu la kijani lisilodhurika na mionzi. Ukimwomba aingie anakataa, anasema hii ni hatima yako.

Sasa kumbuka mlivyokutana. Kwenye Vault 87, Fawkes huyo huyo aliingia kwenye njia iliyojaa mionzi akakuletea GECK, kifaa ulichokuwa unakitafuta, kwa sababu wewe ungekufa. Yaani gemu ilikuonyesha kwa vitendo kwamba ana uwezo na ana moyo, halafu masaa machache baadaye ikajifanya imesahau. Charon naye ni ghoul, mionzi inamponya. RL-3 ni roboti. Wote wanasema hapana.

Baada ya hapo majina yanapanda na gemu imekwisha. Huwezi kurudi kwenye ramani. Gemu ya kuzurura dunia nzima, inakufungia mlango.

Bethesda wakarekebisha kwa DLC ya Broken Steel, Mei 2009. Sasa Fawkes anakubali, gemu inaendelea baada ya mwisho, na kiwango cha juu cha levo kikatoka 20 hadi 30. Tofauti na Extended Cut, hii ilikuwa ya kulipia. Umeuziwa mlango halafu ukauziwa na kitasa.

#9 binti_wa_Chuda

@Zungu_la_Unga na hata baada ya Broken Steel, msimulizi bado anakusema kwa kumtuma mwingine. Waliandika upya majibu ya Fawkes wakaacha hukumu ya zamani.

Biashara ya kuuza mwisho ilishamiri miaka ile. Prince of Persia ya 2008 iliishia mhusika mkuu akifungua tena kile alichokuwa akikifunga gemu nzima, na kinachofuata kikauzwa kama Epilogue mwaka 2009, tena kwa konsoli tu, wa PC hawakuipata. Asura's Wrath (2012) nayo mwisho wake wa kweli uliuzwa kando. Hizi mimi naziweka kundi tofauti na ME3. Pale BioWare walikosea kuandika, huku walikata kwa makusudi.

#10 Nyota_ya_Kigamboni

Wacha niseme za sifa kidogo maana uzi umekuwa wa misiba.

Red Dead Redemption (2010). Baada ya Dutch kuanguka kwenye mwamba, gemu yoyote ingemaliza. Rockstar wakakurudisha shambani Beecher's Hope kufanya kazi za kuchosha: kuswaga ng'ombe, kufukuza kunguru kwenye ghala la mahindi, kumfundisha Jack kuwinda. Hakuna zawadi kubwa humo. Kazi yake ni kukufanya uzoee nyumba kabla haijashambuliwa.

Kisha zizi. John anafungua milango, jeshi limejipanga, na gemu inakupa Dead Eye, ule uwezo wa kupunguza kasi ya muda ambao umeutumia mara mia kushinda. Alama nyekundu zinaingia unavyotaka. Unaua kadhaa, wengine wanabaki, na unakufa ukiwa na silaha ile ile iliyokufanya usishindwe. Wangeweza kuonyesha sinema ukaangalia. Wakakupa pedi mkononi.

Na bado mwisho haujafika. Miaka inaruka hadi 1914, unacheza kama Jack, na hakuna misheni ya njano kwenye ramani. Kuna kazi ya mgeni tu, Remember My Family. Nenda Blackwater uongee na wakala karibu na kituo cha treni, yeye anakuelekeza kwa mke wa Edgar Ross ziwani Don Julio, mke anakutuma kwa shemeji yake kule Mexico kando ya mto, na shemeji anakuonyesha Ross anawinda bata. Majina ya watengenezaji hayapandi mpaka umpige. Kuna watu walizima konsoli kwenye kaburi la John wakidhani wamemaliza, nawaambia rudini.

#11 Kamba_Nyekundu

RDR nakubali. Ila mlinzi_wa_sevu, hoja yako ya daftari inavunjwa na The Last of Us (2013). Pale hakuna chaguo hata moja. Joel, unayemwendesha, anaingia chumba cha upasuaji Salt Lake City kumtoa Ellie, na gemu haisogei mpaka daktari mwenye kisu afe. Ukisimama ukatae, unasubiri milele. Halafu anamdanganya Ellie, Ellie anasema sawa, giza. Matendo yangu hayajahesabiwa popote na bado ni mwisho mzito kuliko yote mliyotaja.

#12 mlinzi_wa_sevu

Haivunji, mkuu, inaunga mkono. The Last of Us haikuahidi kitu. Tangu dakika ya kwanza wewe ni mwendeshaji wa Joel, hujawahi kuulizwa anachofikiri. Ahadi haipo, deni halipo. ME3 ilikuwa na gemu mbili nyuma yake zinazokuonyesha alama pembeni kila ukifungua mdomo.

Halafu angalia walichofanya na kukunyima chaguo. Ungepewa "muue" na "mwache", nusu ya watu wangechagua la pili na hadithi ya Joel ingekufa. Kulazimishwa kubonyeza ndiyo maana yenyewe. Kwenye chumba kile wapo watatu, anayelazimika kufa ni daktari tu, wale wawili wengine ni juu yako. Uhuru mdogo kiasi hicho, na unatosha kukuaibisha.

#13 fundi_pedi

Kama ni kuhesabiwa bila kuambiwa, hakuna aliyeishinda Silent Hill 2 ya 2001. Haikuulizi swali hata moja. Inakutazama unavyocheza.

Ukimweka James, mhusika wako, na afya njema, ukatibu majeraha mapema, ukaangalia picha na barua ya mkewe Mary kwenye begi, ukasikiliza mazungumzo yote kwenye korido ndefu ya mwishoni, unaelekea mwisho wa Leave. Ukikaa karibu na Maria, mwanamke anayefuatana naye, ukamlinda asipigwe, ukarudi kumchungulia chumbani kwake hospitalini, unaelekea Maria. Ukitembea muda mrefu na afya mbovu bila kujitibu, ukachunguza kisu cha Angela mara kwa mara, ukasoma shajara ya kwenye paa la hospitali, unapata In Water, na huo ndio mzito.

Kisu kile hakitumiki kama silaha. Ni kitu kwenye begi tu. Mtu anakiangalia kwa udadisi, na gemu inaandika: huyu anakifikiria kifo. Mantiki ya kutojitibu ni hiyo hiyo. Ukimwambia mchezaji kanuni hizi mapema anaanza kuchezea namba, utamu unakwisha. Kwa hiyo mzunguko wa kwanza cheza hivyo hivyo ulivyo. Toleo jipya la 2024 lina miisho miwili ya ziada, Bliss na Stillness.

#14 Mgeni_wa_Tanga

Metal Gear Solid V (2015) mbona mmeiruka? Ile ni gemu isiyo na mwisho kabisa.

Sehemu ya kwanza inakwenda vizuri hadi misheni ya 31. Sehemu ya pili imejaa misheni za zamani zilizopewa masharti magumu, Extreme, Total Stealth, Subsistence. Katikati ya marudio hayo mtoto Eli anaiba Sahelanthropus, lile roboti kubwa, anaondoka nalo. Gemu hairudi tena kwenye jambo hilo. Misheni ya 51, Kingdom of the Flies, ndiyo ingeeleza, na iliishia kuwa video ya vipande visivyokamilika kwenye diski ya Blu-ray ya toleo la wakusanyaji. Kojima alikuwa ameshatengana na Konami. Badala yake mwisho rasmi ni misheni ya 46, ambayo ni ile hospitali ya mwanzo unaicheza tena karibu yote ili upewe dakika chache za ukweli.

Kwa waliompoteza Quiet, mdunguaji mwenzako, kwenye misheni ya 45: tangu apdeti ya Novemba 2015 anarudi. Rudia misheni ya 11, Cloaked in Silence, mara saba. Jina la misheni likibadilika na kuongezwa Reunion, icheze na Quiet atarudi. Na kama hujafika 45, vaa nembo ya kipepeo, haitafunguka.

#15 binti_wa_Chuda

Ile hospitali ya marudio sitaisamehe. Ukweli wenyewe ni mzuri, wewe si Big Boss, kamanda unayedhani unamcheza, bali ni mganga wake aliyebadilishwa sura. Dakika tano za sinema zingetosha.

#16 mtoto_wa_kibandani

Nyie wote ni wa konsoli za nyumbani. Kwenye vibanda vya PS2 miisho ilikuwa na shida nyingine: memori kadi. Gemu ya kulipia kwa muda, bila kadi, GTA: San Andreas unaanza na baiskeli na unaishia na baiskeli. Ndiyo maana watu wengi wanajua kodi (namba za siri) za silaha kwa kichwa na hawajamwona Tenpenny, yule polisi adui, akifa.

Kwa wanaoimalizia leo: baada ya Los Desperados simu hailiti misheni ya mwisho, na wengi hudhani gemu imeharibika. Haijaharibika. Lazima ushike 35% ya mitaa ya magenge ndipo End of the Line ifunguke. Tembea kwa miguu kwenye mtaa wa Ballas au Vagos, ua watatu, vita vinaanza, maliza mawimbi matatu. Jaza afya kabla ya kila wimbi. Misheni yenyewe ikifika kwenye gari la zimamoto, Sweet ananing'inia kwenye ngazi, usilikaribie kwa pupa ukaligonga. Ukiambiwa mpokee, liweke gari lako chini yake sawasawa na ushike kasi ile ile.

Huo ni mwisho mzuri, kwa maoni yangu. Tenpenny hauawi na CJ, mhusika wako, anaanguka na gari lake mwenyewe pale Grove Street. CJ anabaki na mtaa wake na anatoka kwenda kuzunguka, jambo ambalo ndilo utakalolifanya na wewe.

God of War II (2007) ndiyo ilitutenda. Kratos juu ya mgongo wa Titan anaukwea Olympus, anapiga kelele, majina yanapanda. Ya tatu ikaja 2010 kwenye PS3.

#17 Nyota_ya_Kigamboni

@mtoto_wa_kibandani Halo 2 (2004) ilifanya hivyo hivyo, Master Chief anasema anakuja kumaliza vita halafu giza mpaka 2007. Waliotutenda zaidi ni Capcom na Ghosts 'n Goblins: unamaliza gemu ngumu kupindukia, unaambiwa chumba ni mtego wa Shetani, rudia tangu mwanzo na sasa imekuwa ngumu zaidi.

#18 Zungu_la_Unga

Portal 2 (2011) kwa wanaotaka kujua mwisho unavyojengwa. Rangi nyeupe ya kupitisha matundu imetengenezwa kwa mawe ya mwezi, Cave Johnson anakuambia hivyo katikati ya gemu akilalamika kwamba vumbi lake linamuua. Unacheka, unaendelea. Masaa baadaye paa linapasuka, mwezi huo, na una nusu sekunde ya kuelewa kwamba ni uso mweupe. Hakuna kitufe kipya, hakuna maelekezo. Unafyatua mwezini. Kila mtu anajiona mwerevu, na kila mtu alifundishwa.

Outer Wilds (2019) ni kaka yake. Dunia inaisha kila baada ya dakika 22 na wewe unaanza upya, kwa hiyo kufa hakukuogopeshi. Mwisho unakutaka uchomoe kiini kwenye Ash Twin Project, na kiini hicho ndicho kinachorudisha muda. Ukikichomoa, kufa ni kufa. Kisha unakipeleka Dark Bramble kwenye Vessel, ukipita kati ya samaki wakubwa wanaosikia injini. Ingia kwa kasi ndogo, achia kila kitufe, elea kimya mpaka uwapite. Ukifika, weka kiini, chora alama tatu za kuratibu ulizoziona kule Giant's Deep kwenye kituo cha kufuatilia chombo cha uchunguzi. Hakuna kitu hapo ambacho hukuweza kukifanya dakika ya kwanza ya gemu. Ulichokosa ni kujua tu.

#19 dogo_wa_levo

Ipo ya kumaliza chapchap: Far Cry 4 (2014). Pagan Min anakuambia kaa hapa mezani narudi. Usisogee. Kaa kama robo saa. Anarudi kweli, anakupeleka ukaweke majivu ya mama yako, na majina yanapanda. Umemaliza bila kufyatua risasi.

#20 binti_wa_Chuda

Na zipo zinazogusa sevu yenyewe. Nier: Automata (2017) ina miisho 26, A hadi Z, mingine ya utani, ukila samaki wa mackerel unakufa na huo ni mwisho K. Wanaoacha baada ya A wameona sehemu ndogo tu: B ni upande wa 9S, mhusika wa pili, na C ndipo hadithi mpya inaanza. Mwisho E unapiga risasi majina ya watengenezaji, peke yako ni kama haiwezekani, ukikubali msaada wanakuja wachezaji wengine. Ukishinda unaulizwa kama utatoa sevu zako zote ili kumsaidia usiyemjua. Ukikubali zinafutwa kweli, moja baada ya nyingine mbele ya macho yako.

Undertale (2015) ni kinyume chake, haifuti dhambi. Njia ya kuua wote inataka 20 Ruins, 16 Snowdin, 18 Waterfall, 40 Hotland pamoja na Core, mpaka maandishi yaseme hakuna aliyekuja. Mwishoni dunia inafutwa, na ili uirudishe unasubiri dakika 10 gizani, kisha unauza roho yako kwa Chara, mtoto anayejitokeza mwishoni. Tangu hapo kila mwisho wa amani utakaoupata unaharibiwa na sura yake.

#21 dogo_wa_levo

Dada, ukishauza roho haiwezekani kabisa kurudi? Kuna jamaa kaanzisha upya kwa Reset bado Chara anatokea.

#22 fundi_pedi

Reset ya ndani ya gemu haigusi alama hiyo, imewekwa faili la pembeni. Kwenye Windows zima kwanza Steam Cloud kwa gemu hiyo, la sivyo itakurudishia kila utakachofuta. Funga gemu. Fungua %LocalAppData%, ingia folda ya UNDERTALE. Utakuta file0, file9 na undertale.ini, hizo ni sevu za kawaida. Zinazotafutwa ni system_information_962 na system_information_963. Ya kwanza inaandikwa dunia ikifutwa, ya pili roho ikiuzwa. Futa zote mbili, kisha anza upya. Kwenye konsoli huwezi kuchagua faili moja moja, unafuta data yote ya gemu kupitia mipangilio ya mashine, na maendeleo mengine yote yanakwenda nayo.